Nafasi ya mapema chuo cha udaktari wa meno Marekani: soma masharti kabla ya kuhesabu miaka

Swali limetoka kwa baba mmoja wa Tanga anayeishi na familia yake Columbus, Ohio, wote wakiwa na ukaazi wa kudumu. Kijana wake yuko darasa la kumi na moja na anautaka udaktari wa meno. Nyumbani zimeanza kuingia barua za vyuo zinazotangaza "miaka saba badala ya minane", na shangazi wa kijana aliyeko Dar es Salaam anashangaa miaka yote hiyo ni ya nini wakati Muhimbili ni mitano. Baba anauliza kama njia hizi za mapema ni za kweli, zinaokoa nini hasa, na ni mambo gani humfanya mtu aipoteze nafasi aliyokwisha kupewa. Mwishoni ameongeza kwamba binti yake mkubwa yuko mwaka wa pili chuo kikuu, anasoma baiolojia. Je, yeye amechelewa?

Njia ni za kweli, ndugu yangu. Ila barua hiyo ni ahadi yenye masharti, na uzito wake unategemea mambo mawili ambayo vipeperushi huyapitia haraka: kama kijana ataruhusiwa kuomba kwingine bila kunyang'anywa nafasi, na chuo chenyewe cha meno kinagharimu kiasi gani. Mwaka unaookolewa nauweka nafasi ya tatu. Kwa familia inayoishi katika jimbo lenye chuo cha umma cha udaktari wa meno, kama ninyi, mimi ningeipokea nafasi ya mapema pale tu inapowaachia mlango wazi, au inapoelekea kwenye chuo ambacho mngekichagua hata kama isingekuwapo.

Tumjibu shangazi kwanza, maana swali lake linaeleza mfumo mzima. Tanzania na Kenya mwanafunzi huingia kwenye udaktari wa meno akitoka sekondari: Muhimbili anasoma DDS kwa miaka mitano, Nairobi anasoma BDS kwa muda huohuo, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Marekani chuo cha meno ni ngazi ya pili. Mtu husoma chuo kikuu kwa kawaida miaka minne, halafu anaomba upya na kusoma miaka minne mingine hadi apate DDS au DMD. Herufi hizo zisiwasumbue: ni shahada ileile, wanaofanya kazi wana leseni ileile, na tofauti ilianzia Harvard mwaka 1867 walipotaka jina la Kilatini. Njia za mapema ni majaribio ya kuziunganisha ngazi hizo mbili ili mtu asisubiri hadi mwaka wa nne ndipo ajue kama amepata pa kwenda.

Zipo za aina tatu. Aina ya kwanza huombwa na mwanafunzi akiwa bado sekondari, pamoja na maombi ya chuo kikuu. Humo mna zile za 3+4, yaani miaka mitatu ya shahada ya kwanza na minne ya meno. Chuo kikuu cha New York, NYU, kinayo, na Detroit Mercy iliyo jirani yenu Michigan pia inayo. University of the Pacific ya California ni ya kipekee kwa sababu chuo chake cha meno cha San Francisco humaliza kwa miaka mitatu, hivyo mtu anaweza kuingia kwa mpango wa 2+3, 3+3 au 4+3. Mipango mingine ya aina hii haifupishi kitu, inahifadhi nafasi tu: University of Connecticut inao wa namna hiyo. Case Western Reserve ya Cleveland, ndani ya jimbo lenu, humpa mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza nafasi ya masharti katika chuo chake cha meno kupitia mpango wanaouita PPSP.

Aina ya pili ni makubaliano kati ya chuo cha meno na vyuo vingine vidogo vinavyokipelekea wanafunzi. Temple ya Philadelphia na chuo cha meno cha University of Pennsylvania wana washirika wa namna hii, na chuo cha LECOM kinao wengi. Aina ya tatu huombwa mtu akiwa tayari chuo kikuu, mara nyingi mwaka wa pili, na huwa kwa wanafunzi wa chuo hichohicho au washirika wake. Hiyo ndiyo inayomhusu binti yako, na nitairudia.

Sasa masharti. Yanafanana sana kutoka chuo kimoja hadi kingine: wastani wa alama, yaani GPA, usishuke chini ya kiwango fulani, kwa kawaida kati ya 3.4 na 3.6, na kiwango hicho huhesabiwa mara mbili, mara moja kwa masomo yote na mara ya pili kwa sayansi peke yake, pasiwe na C katika somo lolote la msingi, mtihani wa kuingilia vyuo vya meno, DAT, ufanywe kabla ya tarehe waliyoweka na upate alama waliyotaja, saa za kukaa kliniki zithibitishwe, usaili upitwe, na kijana asiwe na kesi ya nidhamu wala ya udanganyifu wa mitihani. Hili la mwisho wazazi hulipuuza, lakini kunakili kazi ya maabara ya mwenzake mara moja tu kunaweza kuondoa kila kitu, hata akiwa na 3.9.

Wengi huangukia kwenye wastani wa sayansi. Krediti ni kipimo cha uzito wa somo, na kila krediti yenye A huleta pointi 4, yenye C pointi 2. Chukua kijana aliyekusanya krediti 30 za sayansi kwa wastani wa 3.6. Ana pointi 108. Muhula unaofuata anapata C katika kemia ogania ya krediti 4, yaani pointi 8. Sasa ana pointi 116 kwa krediti 34, na wastani wake umeshuka hadi 3.41. Kama sharti ni 3.5, somo moja limemtoa. Ili arudi 3.5 anahitaji krediti 6 zaidi za sayansi zenye A tupu. Zinapatikana, lakini swali ni kama zitapatikana kabla ya siku ambayo chuo kinapima wastani. Ndiyo maana muulize mratibu wa programu wastani unapimwa lini: kila muhula, kila mwisho wa mwaka, au mara moja tu kabla ya kuingia chuo cha meno. Programu inayopima mara moja mwishoni ina huruma zaidi kuliko inayopima kila muhula, hata kama zote zimeandika 3.5.

Kuna mtego mwingine unaowakamata hasa watoto wa Ohio. Jimbo lenu lina mpango wa College Credit Plus unaomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma masomo ya chuo bila malipo katika vyuo vya umma. Ni mpango mzuri, na familia nyingi za wahamiaji huukimbilia. Lakini alama za huko ni alama za chuo. Siku kijana atakapoomba chuo cha meno kupitia AADSAS, mfumo wa pamoja wa maombi, atatakiwa kupeleka matokeo kutoka kila chuo alichowahi kusoma, pamoja na yale aliyoyasoma akiwa na miaka kumi na sita. AADSAS wanahesabu wastani wao wenyewe, na hawafuti somo lililorudiwa. Chuo chake kinaweza kusema "umerudia, C imefutwa, sasa una A", ila AADSAS wataziingiza zote mbili: C na A za krediti tano kila moja zinatoa wastani wa 3.0 katika krediti kumi. Kwa hiyo kama kijana anachukua kemia kupitia mpango huo na mambo yanakwenda vibaya, ajiondoe kabla ya tarehe ya mwisho ya kujiondoa. Alama moja ya W, yaani ya kujiondoa, haimuui mtu. Isitoshe, vyuo vingi vya meno havipendi masomo ya msingi ya sayansi yaliyosomwa chuo cha miaka miwili au kupitia mitihani ya AP, ile ya kiwango cha chuo inayofanywa sekondari. Vingine havikubali, vingine vinataka somo la juu zaidi la fani hiyohiyo. Kiingereza, hesabu na saikolojia ndiyo masomo salama ya kumaliza mapema kwa njia hizo.

Masomo ya msingi yenyewe hayapunguzwi na njia ya mapema, yanabanwa tu. Kwa kawaida ni krediti 8 za baiolojia pamoja na maabara, 8 za kemia ya jumla, 8 za kemia ogania, 8 za fizikia, na biokemia angalau 3. Vyuo vingi huongeza Kiingereza, na vingine anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia au takwimu. Kwenye 3+4 ratiba huwa hivi: mwaka wa kwanza kemia ya jumla na baiolojia, pamoja na hesabu, mwaka wa pili kemia ogania ya kwanza na ya pili, kiangazi kinachofuata DAT, mwaka wa tatu fizikia, biokemia na zile za mwili wa binadamu. Angalia ni nini kinachotokea hapo. Maombi ya AADSAS hufunguliwa katikati ya Mei na kuanza kupokelewa mwanzoni mwa Juni. Anayeingia chuo cha meno baada ya mwaka wa tatu anatakiwa kuomba kiangazi cha mwisho wa mwaka wa pili, kwa sababu hata wenye nafasi ya mapema mara nyingi hupitishwa kwenye mfumo huohuo. Maana yake kemia ogania lazima iwe imekwisha kufikia Mei ya mwaka wa pili, kwani DAT ina maswali yake 30.

Na vyuo vingi hufundisha kemia ogania ya kwanza msimu wa vuli tu. Kijana akiiacha Oktoba, haipati tena hadi Agosti ya mwaka unaofuata, na 3+4 yake imekuwa 4+4 bila mtu kutangaza. Hapo muulize mratibu jambo moja zaidi: je, anayechelewa mwaka mmoja anabaki na nafasi yake, au anarudi kwenye foleni ya wote? Zipo programu zinazokubali, na zipo zinazofunga kabisa. Hata ratiba ya kemia ya mwaka wa kwanza ichunguzwe. Mwanafunzi anayefeli mtihani wa hesabu wa kuingilia akapelekwa kwenye aljebra ya maandalizi huanza kemia muhula mmoja nyuma, na huo muhula mmoja ndio mwaka. Kijana wako anao mwaka mzima bado wa sekondari. Ajifunze hesabu kwa bidii kuliko hata baiolojia.

Kuhusu DAT. Ni mtihani wa kompyuta wenye maswali 280: sayansi 100 kwa dakika 90, uwezo wa macho na maumbo 90 kwa dakika 60, ufahamu wa kusoma 50 kwa dakika 60, hesabu 40 kwa dakika 45. Sehemu ya maumbo, inayoitwa PAT, haifundishwi darasani popote. Mtu anakadiria pembe ipi ni ndogo, anahesabu vijumba vilivyopakwa rangi pande kadhaa, anakunja karatasi kwa mawazo tu akaitoboa. Wanaoifanyia mazoezi kidogo kila siku kwa wiki nane hadi kumi hupanda vizuri. Wanaoiacha wiki mbili za mwisho hujuta. Tangu Machi 2025 alama zinatolewa kwa kipimo kipya cha 200 hadi 600, wakati zamani ilikuwa 1 hadi 30. Kama barua ya programu bado inasema "DAT 19" au "DAT 20", omba waandike kwa kipimo kipya, na waandike kwenye barua pepe, isiwe kwa simu. Anayekosa alama husubiri siku 60 kabla ya kurudia. Akiufanya katikati ya Agosti, marudio yanaangukia katikati ya Oktoba, akiwa katikati ya muhula wa fizikia na biokemia. Mwisho wa Juni au mwanzo wa Julai ndio wakati wa kuufanya. Ada yake inapita dola 500, lakini ADA, chama cha madaktari wa meno wanaousimamia, hutoa punguzo la nusu kwa wenye kipato kidogo. Punguzo hilo huisha mapema kila mwaka, hivyo liombwe mara tu dirisha linapofunguliwa. Baadhi ya programu za mapema husamehe DAT kabisa. Inaonekana kama zawadi, lakini ina kamba yake: bila DAT kijana hana cha kupeleka kwingine kama nafasi ikipotea.

Saa za kliniki. Lenga 100 zaidi kidogo, ndicho kiwango ambacho vyuo vingi hutaja au hutegemea kuona. Nyingi ziwe kwa daktari wa meno wa kawaida, siyo mtaalamu wa kupanga meno peke yake, kwa sababu wanaosaili wanataka kujua kama kijana ameona kazi ya kila siku: kuziba, kusafisha mizizi, kung'oa, kuvalisha jino kofia, na mgonjwa anayelia kwa hofu. Aandike kila siku tarehe, jina la kliniki, saa, na mambo mawili aliyoyaona. Daftari hilo litamwokoa miaka mitatu baadaye atakapoulizwa. Kuanza si lazima kungoja chuo. Mwanafunzi wa miaka kumi na saba anaweza kukubaliwa kwenye kliniki ya mtaani akiwa na ridhaa ya mzazi, hasa akipitia kwa daktari anayeitibu familia yenyewe. Kila Februari madaktari wa meno nchini kote hutoa huduma za bure kwa watoto chini ya mpango wa Give Kids A Smile, na watu wanaojua lugha mbili huhitajika sana siku hizo. Columbus ina wazungumzaji wengi wa Kiswahili kutoka Kongo. Kijana anayeweza kumtuliza bibi wa Bukavu kwenye kiti cha daktari ana kitu ambacho wengi wa wanaoshindana naye hawana, na asikifiche kwenye maombi yake. Asitafsiri maelezo ya tiba peke yake bila mkalimani aliyeidhinishwa, lakini kupokea watu na kuwaelekeza anaweza.

Tufike kwenye fedha, kwa maana hapa ndipo ninapotofautiana na vipeperushi.

Hadi juzi mwanafunzi wa udaktari wa meno aliweza kukopa serikalini gharama yote, ada na maisha, kupitia mkopo wa Grad PLUS. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeufunga mkopo huo kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Wanaosomea fani kama udaktari wa meno sasa wanaweza kukopa serikalini hadi dola 50,000 kwa mwaka na jumla 200,000. Riba inaanza kuhesabiwa tangu siku mkopo unapotoka, si siku ya kuhitimu. Kijana wako ataingia chini ya sheria hii yote.

Piga hesabu kwa mfano. Chuo binafsi ambacho ada, vifaa, bima na maisha vinafika dola 130,000 kwa mwaka kitakula 520,000 kwa miaka minne. Serikali itatoa 200,000. Zile 320,000 zinatoka wapi? Benki binafsi, na benki binafsi itataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Mdhamini huyo ni wewe, na jina lako litabaki kwenye deni hilo pamoja na la mwanao. Chukua upande wa pili chuo cha umma ambapo mkaazi wa jimbo anatumia 75,000 kwa mwaka: 300,000 kwa miaka minne, pengo la 100,000. Tofauti kati ya njia hizo mbili ni dola 220,000. Mwaka mmoja uliookolewa una thamani ya gharama ya mwaka wa chuo kikuu, tuseme 30,000, pamoja na mwaka mmoja wa kuanza kazi mapema. Daktari wa meno wa kawaida Marekani hupata zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka, ila hizo ni kabla ya kodi. Ukitoa kodi, mwaka mmoja hauzibi 220,000. Na kama shahada ya kwanza nayo lazima isomwe chuo binafsi cha mji mkubwa badala ya Ohio State mwanao akilala nyumbani, pengo linapanuka tena kabla hata hajaanza kushika vifaa vya meno.

Ohio State hapo Columbus mna chuo cha umma cha udaktari wa meno, na mwaka 2025 NEOMED ya Rootstown ilifungua chuo kipya cha meno. Kijana aliye mkaazi wa Ohio ana faida hapo, na nafasi ya mapema inayomfunga kwenye chuo binafsi cha mbali inamtaka aiache faida hiyo akiwa na miaka kumi na saba, kabla hajapata hata alama moja ya chuo. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa la kumwandikia mratibu ni hili: mwanangu akiomba vyuo vingine vya meno, nafasi yake inaendelea kuwapo? Likijibiwa ndiyo, ichukue hata kama chuo ni ghali, maana haikugharimu kitu kuwa nayo mfukoni. Vyuo kwa kawaida huanza kutoa nafasi za mwaka huo katikati ya Desemba, na ataweza kulinganisha. Likijibiwa hapana, rudi kwenye hesabu ile. Lingine la kuuliza, na wengi huona haya kuliuliza: kati ya waliopewa nafasi hii wakiwa sekondari miaka mitano iliyopita, wangapi wameingia kweli chuo cha meno? Programu nzuri wana namba hiyo. Wakizungukazunguka, umepata jibu.

Mambo mengine mawili ya fedha kwa wanaochagua 3+4. Mwanafunzi huwa hapewi shahada ya kwanza anapoondoka mwaka wa tatu. Krediti za mwaka wa kwanza wa meno hurudishwa chuo alichotoka ndipo shahada itoke. Akishindwa mwaka huo wa kwanza, anabaki bila shahada yoyote mkononi. Muulize mshauri wa masomo ni krediti ngapi zitakazorudi na kama fani ya kijana inaruhusu, kwa sababu si kila fani inaruhusu. Pili, ruzuku ya serikali iitwayo Pell na ufadhili wa miaka minne ni vya shahada ya kwanza. Anayeondoka mapema anauacha mwaka wa nne wa ufadhili wake. Kama ana ufadhili kamili, mwaka anaouokoa ulikuwa wa bure. Ameokoa muda tu.

Kuhusu uraia, hili lina thamani kubwa kuliko programu yoyote niliyoitaja. Ukaazi wa kudumu unatosha kwa mikopo ya serikali na kwa vyuo vingi vya umma. Lakini ufadhili unaolipa ada yote ya meno pamoja na posho ya kila mwezi, ule wa jeshi unaoitwa HPSP na ule wa National Health Service Corps kwa watakaofanya kazi maeneo yenye upungufu wa madaktari, unadai uraia. Mzazi akipata uraia kabla mtoto hajatimiza miaka 18, na mtoto ana ukaazi wa kudumu na anaishi naye, mtoto anakuwa raia papo hapo bila mtihani. Kama mmeshatimiza miaka mitano, usisubiri. Peleka fomu mwezi huu, kisha mwombee kijana pasipoti ya Marekani iwe ushahidi.

Shangazi anaweza kuuliza tena: basi kwa nini asiende Muhimbili? Anaweza kufikiriwa, lakini mambo mawili yajulikane. Cheti cha sekondari ya Marekani lazima kipimwe na NECTA, na kwa kawaida hakilingani na kidato cha sita chenye fizikia, kemia na baiolojia. Halafu mhitimu wa nje akitaka leseni Marekani atafanya mtihani wa taifa wa udaktari wa meno, INBDE, kisha aombe programu za miaka miwili hadi mitatu za madaktari waliosoma nje kupitia mfumo wa CAAPID. Nafasi hizo ni chache na ada zake ni za Marekani. Kwa anayepanga kufanya kazi Tanzania, njia hiyo ni ya busara na nafuu mno. Kwa anayepanga kubaki Columbus, si njia ya mkato.

Binti yako hajachelewa, ila muda wake unahesabika kwa wiki. Nafasi za mapema za mwaka wa pili hufungwa mara nyingi kabla ya kiangazi, na nyingi zinataka awe amesoma mihula mitatu au minne hapohapo. Wiki hii aende kwa mshauri wa taaluma za afya wa chuo chake, si mshauri wa fani ya baiolojia, aulize kama chuo kina makubaliano na chuo chochote cha meno. Kama yapo, apeleke matokeo yake yote, daftari la saa za kliniki, na majina ya walimu wawili wa sayansi waliomfundisha ana kwa ana. Walimu hao awaombe barua mapema, akiwapa wasifu wake na wiki nne za kuandika. Kama hayapo, hakuna alichopoteza. Amalize kemia ogania Mei, afanye DAT kati ya kiangazi hiki na kile kijacho, aombe Juni ya mwisho wa mwaka wa tatu siku za mwanzo kabisa maombi yanapopokelewa. Vyuo vingi hujaza usaili kadiri maombi yanavyoingia, na anayeomba Juni hupambana na foleni fupi kuliko anayeomba Oktoba mwenye alama zilezile.